Tackett Dhidi ya Marekani

Jumatatu, 8 Aprili
Daktari amenipa uhai mpaka vuli tu. Basi niungame. Mimi, Orville Tackett, miaka themanini na tatu, mwalimu mstaafu wa uraia, ni mhalifu. Kila jioni natafuna pipi moja ya bangi kwa ajili ya nyonga. Jimbo letu la Oklahoma limenipa kadi ya mgonjwa, picha mbaya sana. Lakini kwa sheria ya serikali kuu, mtumiaji wa bangi haruhusiwi kumiliki bunduki, awe na kadi asiwe nayo. Na juu ya mlango wa jikoni imetundikwa bunduki ya marisau ya babu yangu. Kifungo hadi miaka kumi na mitano! Nimefurahi mno.

Miaka thelathini na minane nimewakaririsha watoto majina ya kesi za Katiba. Kabla sijafa, langu liwe mojawapo. Kinachotakiwa ni kukamatwa tu.

Jumanne, 9 Aprili
Nimekwenda kwa sherifu kujisalimisha. Nilivaa suti niliyoitenga kwa mazishi yangu. Zamuni alikuwa Travis Hollis, niliyempa sifuri alipoandika kuwa Katiba ilitungwa Texas. Nikamsomea kosa langu, kifungu kwa kifungu. Akaninywesha kahawa, akanirudisha nyumbani kwa gari la polisi. Nikaomba pingu, angalau majirani waone. Akakataa.

"Mwalimu, nikikufunga wewe, mama yangu hatanipikia tena mpaka naingia kaburini."

Jirani yangu Delbert Crabtree alikuwa kibarazani, anapunga mkono. Tunashindana tangu 1961: batamzinga, nyanya, mchumba. Kwa mchumba nilimshinda. Yeye husema alinusurika.

Alhamisi, 11 Aprili
Nimepiga simu ofisi ya serikali kuu inayoshughulikia bunduki. Nikasubirishwa kwa muziki dakika hamsini. Nikasinzia. Nilipozinduka, mwanamke alikuwa ananiuliza kama bado nipo. Kwa mtu wa hali yangu, si swali la kujibu harakaharaka. Akanishauri nitafute wakili.

Kosa langu: nimejigamba kwa Delbert. Kumbe naye anatafuna pipi zilezile, kwa ajili ya mgongo. Na ana bunduki nne.

Jumatatu, 15 Aprili
Wakili amekuja, Bi Whitlock. Anatafuta mlalamikaji wa kuipinga sheria hiyo mahakamani: mzee, mgonjwa, mwenye kadi na bunduki, asiye na doa. Nikakohoa kwa ustadi. Akapanda kiti kuikagua bunduki. Akasoma mwaka kwenye chuma: 1893. Akashuka polepole. Akaeleza kwamba bunduki iliyotengenezwa kabla ya 1899 ni kitu cha kale, na kifungu kile hakiihesabu kuwa bunduki. Kumbe maisha yangu yote nimetundika pambo!

Nikamwambia bangi ninayo. Hapo binti yangu Nadine akaacha kukoroga mchuzi wa soseji.

"Baba, tangu Krismasi nakuwekea pipi za watoto kwenye hicho kichupa. Zile za kweli zilikufanya uifundishe friji Katiba."

Nyonga ikaanza kuuma papo hapo.

Bi Whitlock akaniuliza, kwa upole wa mtu anayeaga maiti, kama namfahamu mwingine mwenye sifa zile. Nikasema hapana. Nadine akanyoosha mwiko kuelekea dirishani, nyumbani kwa Delbert.

Jumamosi, 20 Aprili
Crabtree dhidi ya Marekani imefunguliwa. Gazeti la wilaya, ukurasa wa kwanza, picha ya Delbert na batamzinga wake. Mimi sitajwi. Delbert akaleta mkate wa mahindi. Nilikusudia kumfukuza. Nikala vipande vitatu. Akasema wakili ana wasiwasi: Delbert akifa, kesi inakufa naye, kwa hiyo wakili anataka mlalamikaji wa pili.

"Usinitazame hivyo, Orville," akaniambia. "Sina haraka."

Jumatatu, 22 Aprili
Nimepata! Kesho nakwenda duka la bunduki kununua mpya. Fomu huuliza kama mnunuzi anatumia bangi. Nitajibu ndiyo, kwa mwandiko mzuri. Watanikatalia. Nitakuwa nimedhulumiwa rasmi, kwa maandishi, na jina langu litaingia vitabuni kabla ya vuli.

Ili jibu liwe la kweli, nimemwomba Delbert pipi mbili. Nimekwisha kuzila zote. Safari hii nimekuwa mwangalifu: Nadine sijamwambia neno, wala Delbert sijamdokezea. Mpango mzima nimeieleza friji peke yake, nayo haioni kasoro yoyote.