Kengele Yangu na Bâche ya Mama Musoki

Bunia, quartier Saio

Bwana Directeur,

Pokea heshima zangu, mimi Félicien, mkuu wa usalama kwenye chantier yako ya kujenga ghorofa tatu, niliyetoka Aru na cheti changu mkononi. Nakuandikia kwa uchungu. Biro yangu, kile kichumba cha mbao ninamoandikia, imeegemea ukuta, chini kabisa ya jukwaa la miti wanalopandia mafundi. Mimi niko karibu hivyo, lakini wanayemtazama ni Mama Musoki, muuza maharagi ngambo ya barabara!

1. Jumanne nilibonyeza kengele ya mazoezi. Hakuna aliyeshuka. Constant, mkubwa wa mafundi, aliniomba nipunguze kelele.

2. Kesho yake Mama Musoki alikunja bâche yake, turubai analotandazia maharagi, sababu ya mawingu. Watu arobaini wakatupa miiko na kukimbilia barabarani, na mvua yenyewe haijafika! Constant akanieleza pole pole: « Chef, kengele yako imefika juzi tu. Wakati ya vita, bamama ya soko wakikunja bâche, siye tunakimbia. Wenye walingoja kuuliza, tuliwazika. » Nikamjibu kwamba vita imeisha. Alikuwa anaangalia bâche, si mimi.

3. Mabango yangu kumi na mawili ya « Vaa casque » hayana msomaji. Mama akisema tu « Weye, kichwa mama yako alikuzalia moja », mtu anavaa kofia yake ngumu mbio. Aibu gani hii?

4. Kwa hiyo naomba ahamishwe kilometre moja. Ama, kabla ya kukunja, aniombe ruhusa kwa maandishi siku tatu mbele. Mvua nayo itangojea saini.

Nisalimie Madame Claire, watoto, na wote wa biro kubwa.

Mtiifu wako anayedharauliwa,
Félicien

N.B. Nilikuwa natia saini, nikaona watu wanapita mbio dirishani. Mama alikuwa anakunja bâche, na jua linawaka. Ningependa kuandika kwamba nilitoka kumgombeza. Hapana, Bwana Directeur, nilikimbia, barua hii mkononi. Nilipofika kwake, jukwaa lote likalala juu ya biro yangu. Kutoka kule ngambo yeye aliona miti ya jukwaa inapinda. Siye wa chini hatukuona kitu. Tuko wazima wote, Mungu asifiwe. Kengele haikulia, kwa sababu mwenye kuibonyeza alikuwa barabarani.

Mama asisogezwe hata hatua moja. Mimi ndiye naomba kuhamishwa: nipewe kiti kando ya bâche yake.