Kibodi Moja, Watu Watatu

Jumatatu, 3 Juni
Mwalimu wa kompyuta katangaza timu za mashindano ya kuandika programu. Watu watatu, kompyuta moja! Eti hiyo moja ndiyo itakayotufundisha kushirikiana. Mimi naona ubahili. Timu tatu bora zitakwenda fainali. Nimepangwa na Kimya, kijana anayeongea na penseli yake tu, na binti wa kaka yangu, anayeitamani fainali hiyo hadi hapati usingizi. Huyo ndiye kafanywa nahodha! Niliyembeba mgongoni! Mimi nina miaka arobaini na saba, nina duka la vipuri vya simu nililolianza na meza moja, ada ya chuo najilipia. Eti nahodha!

Jumatano, 5 Juni
Mazoezi. Nimewahi, nikakikalia kiti cha kibodi. Hesabu ni nyepesi: nikikaa mimi tu, muda wa kupishana ni sifuri. Nahodha akaja, akaniamkia shikamoo Shangazi kwa adabu zote, kisha akaomba nimpishe. Nikaitikia marahaba. Sikusogea. Akauliza kama nataka ampigie baba yake. Kaka yangu mkubwa! Nikasogea. Kisha akanikosoa: kwenye programu tunaanza kuhesabu na sifuri, si moja. Nikamwambia sijawahi kumuuzia mteja chaja ya sifuri. Hata Kimya alicheka. Na penseli yake, nadhani.

Jumamosi, 8 Juni
Mashindano! Nahodha kaenda msalani, Kimya kazama kwenye karatasi. Nikavamia kibodi, nikatuma jibu la swali la nne. Kosa. Nikatuma tena. Kosa. Tena. Kosa! Kila kosa adhabu ya dakika ishirini. Saa nzima imeliwa na vidole vyangu!

Nahodha karudi, kaona. Midomo ikamtetemeka kama alipokuwa mdogo akiangusha maandazi. Nikatamani ardhi inimeze. Hakunifokea. Akavuta kiti, akasema nisome nilichoandika, mstari kwa mstari, kwa sauti. Nikasoma. Kimya, ambaye muhula mzima hajanisalimia, akasema taratibu kwamba mama, umeanza na moja. Nikabadilisha tarakimu. Sahihi! Kuanzia hapo tukapokezana, mmoja anaandika, wawili wanamchungulia begani. Tumekuwa wa tatu, kwa tofauti ya dakika mbili. Mtoto kanirukia shingoni mbele ya chuo kizima. Kimya analia waziwazi. Machozi yangu mimi yalikuwa mafua tu.

Jumapili, 9 Juni
Mwalimu kapiga simu. Anataka kesho nilieleze darasa nilichojifunza kuhusu ushirikiano. Nimekubali, nina mengi. La kwanza: swali la nne nililianza mimi. La pili: wale wawili, wakipata msimamizi mzuri, wanaiweza kazi. Fainali mwezi ujao, na nahodha kabaki yuleyule. Jioni nimempelekea mafuta ya kujipaka, nikamdokeza kwa upole wa shangazi kwamba uongozi unazeesha ngozi.