Waraka wa Folda za Kisauni

Mwezi wa Machi mwaka 1998, Idara ya Uratibu wa Minazi, tawi la Kisauni, ilitangaza rasmi kwamba enzi ya kila mtu kuona kila kitu imekwisha. Tangazo lilibandikwa ukutani, mlangoni na chooni, asije mtu akasema hakupata habari.

Mwenye tangazo alikuwa Bwana Nguma, mkuu wa tawi. Ofisini mlikuwa na sanduku jeusi la kuhifadhia mafaili, lililounganishwa kwa nyaya na kompyuta nne, na folda zake zilikuwa za wote kama kata ya mtungini. Hilo lilimkera. Juzi tu karani mmoja alifungua folda iitwayo SIRI KUU, akakuta zamu za kuchemsha chai, akacheka mbele ya watu. Idara itaheshimiwaje namna hiyo?

Basi akaandika waraka wa kugawa haki. Wafanyakazi wa daraja la kwanza waliruhusiwa kujua kwamba folda ipo, ila si jina lake. Wa daraja la pili waliruhusiwa kujua jina, ila si kama folda ipo. Kufungua, kusoma na kuandika kulihitaji neno la siri, na neno hilo alilijua yeye peke yake. Mwanasaumu, karani wa miaka kumi na miwili kazini, aliuliza aiweke wapi hesabu ya minazi iliyokufa kwa ukame, maana daftari lake limejaa. Akaambiwa aandike ombi, aliweke ndani ya folda.

Neno lenyewe Bwana Nguma alilichagua kwa busara ya hali ya juu. Lilikuwa jina la mama mkwe wake. Kwao mkwe hatajwi jina, hilo ni kosa la kutozwa mbuzi, na katika ndoa ya miaka kumi na tisa hakulitamka hata ndotoni. Siri ambayo mwenyewe hathubutu kuitamka, mwizi ataipatia wapi? Siku ile alijipenda sana.

Huko Nairobi kulikuwa na kiti wazi cha Naibu Mkurugenzi, naye Bwana Nguma alikitaka kufa na kupona. Kiti kingeamuliwa na ripoti ya mwaka ya minazi. Ripoti haikumtia wasiwasi. Kwa miaka saba, kila Juni, alifungua folda akaikuta humo imekamilika, wala hakuwahi kuuliza inatoka wapi.

Juni ikafika. Bwana Nguma, akiwa katika ziara ya kuhimiza usalama chini ya minazi, aliangukiwa na nazi mguuni. Akawa amelala sebuleni kwake Frere Town, mguu juu ya mto, na mkewe Jumwa akamwita mama yake kutoka Bamburi aje kumjulia hali mgonjwa. Mama aliketi kando ya simu na kikombe cha uji. Saa nne asubuhi simu ikalia. Bwana Nguma akajinyoosha, akaipokea.

"Bwana Mkubwa, pole na mguu," ilikuwa sauti ya Mwanasaumu. "Mkurugenzi Mkuu yupo hapa, amekuja ghafula. Yuwataka ripoti sasa hivi. Nipe hilo neno."

Bwana Nguma alimtupia jicho mkwewe, akanong'ona, "Ni jina la mtu. Aliyemzaa mama watoto."

"Haya. Ma-ma-mkwe. Limekataa, Bwana Mkubwa. Hodi ni tatu, zimebaki mbili. Zikiisha, sanduku lajifunga mpaka fundi aje kutoka Nairobi."

"Sikiza vizuri. Ka ya kaniki. Ha ya hamri. So ya soko."

"Kaniki, hamri, soko. Limekataa pia."

"Mwanzo wake tu, Mwanasaumu! Usiandike kitu tena! Ka! Ha! So!"

Mama alitua kikombe. Alikuwa amehitimu masomo ya ngumbaru, na silabi hazimpiti. "Ka... ha... so," aliunganisha polepole. "Kahaso. Si ni mimi huyo! Jina langu lafanya nini ofisini kwenu, baba?"

Bwana Nguma aliona haya mpaka masikio yakamwasha. Akajifunika uso kwa mto. Mama akatwaa simu, akaishika mbali na sikio, nyumba nzima ikisikia.

"Haloo. Mimi ndiye Kahaso. Mwataka nini?"

"Lishafunguka, mama, ahsante." Vitufe vikagongwa. "Lakini humu mna ule waraka wa kuzuia watu tu. Ripoti haimo."

"Imekwenda wapi?" Bwana Nguma alipiga kelele ndani ya mto.

"Wa kuandika ulikuwa ni wewe peke yako, Bwana Mkubwa."

Mkurugenzi Mkuu, mtu wa taratibu, akachukua simu. Alikuwa ameusoma waraka, na ibara ya tatu ilisema wazi: mwenye neno ndiye mwenye idhini. Akauliza neno ni la nani.

"Langu," akasema Mama Kahaso. "Tangu nizaliwe."

"Basi, mama, unawaruhusu wafanyakazi waandike?"

"Waandike! Kwani nani aliwakataza kazi?"

Bwana Nguma akazidi kujizika ndani ya mto.

Ripoti ilikamilika alasiri ile ile, kutoka madaftari ya Mwanasaumu na wenzake, na ilikuwa nzuri kweli. Mkurugenzi Mkuu aliacha maagizo mawili. Mama Kahaso achague neno jipya, kwa mujibu wa waraka. Na Bwana Nguma aisome ripoti na kuitia sahihi kabla ya Ijumaa jioni, la sivyo kiti cha Nairobi kitafutiwe mtu mwingine.

Alhamisi Bwana Nguma alichechemea hadi Bamburi kwa mkwewe, mbuzi wa faini mkono mmoja, ombi la kusoma folda mkono wa pili, nakala tatu. Kwa aibu alisimama nje, Jumwa akaingia kumsemea. Mama alimpokea mbuzi, akaligeuza ombi huku na huku, akaona halina muhuri.

"Mwambie aje kesho."

Kesho yake, Ijumaa, alifika saa mbili kamili. Alikuta kiti kitupu barazani, leso imetundikwa mgongoni mwake.

"Mama ametoka kidogo, amekwenda kunywa chai," akasema Jumwa. "Amesema usubiri."

Bwana Nguma akakaa kwenye benchi, ombi mapajani, akasubiri mpaka ofisi zikafungwa.