Nguo Iliyomwacha Abeni Apumue

Ibadan, 14 Desemba

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Mafundi Cherehani wa Kike,
Hapa mtaani.

Mheshimiwa Mama Mwenyekiti,

Natumaini hamjambo, wewe na mafundi wako wote, isipokuwa mmoja. Huyo ni Bi. Sidikatu, na ninaandika kumshtaki.

Jumamosi, kwenye harusi ya mdogo wangu, wanawake wa ukoo tulivaa sare ya lesi ya kijani, mtindo wa mwaka huu: kiuno kimekazwa kwa vyuma na kamba. Kabla ya harusi nilimpeleka kwake binti yangu Abeni, miaka kumi na saba, abanwe kama wenzake. Mimi mama yangu alinifunga mkanda nikiwa na miaka kumi na mitatu, na ndivyo nilivyokuwa mwanamke. Bi. Sidikatu akamsikiliza mtoto, akamshonea nguo yenye nafasi. Matokeo yake ni haya:

1. Abeni alipumua. Hadharani, mbele ya wakwe.

2. Kwa kuwa alipumua, alikula. Sisi tuliutazama wali wa nyanya kwa adabu. Yeye alimaliza sahani, akaongeza ndizi za kukaanga, akauliza kama nyama imebaki. Nilimfinya paja. Akasema kwa sauti, "Kwani Mama, wamepika ili tupige picha?" Akacheka peke yake, maana sisi wengine tusingeweza.

3. Wazee walipopita, mabinti wote wa kisasa waliinamisha shingo tu, kwa sababu viuno havikukunjika. Wangu alipiga magoti mpaka sakafuni. Wazee wakambariki yeye peke yake. Fikiria aibu yangu!

4. Mama mmoja tajiri, ambaye nilimtaka mwanawe amwoe Abeni, alimuuliza akimaliza shule atafanya nini. Msichana aliyebanwa vizuri hujibu "Sijui, Ma," akaishia hapo. Wangu alikuwa na pumzi ya kueleza ujenzi wa madaraja kwa robo saa nzima. Posa ndiyo hiyo imekwenda na maji.

Kwa hiyo naomba Bi. Sidikatu afukuzwe chamani, wasichana wapimwe wakiwa wametoa pumzi, na nguo yoyote itakayoruhusu zaidi ya vijiko vitatu vya wali irudishwe kwa fundi. Tukilegea, watakua na mbavu zao zote mahali pake, na hapo nani atawaweza?

Wasalimie mafundi, mumeo na watoto, hasa wale wa kike wanaokula kidogo.

Wako mtiifu, niliyekazwa barabara,
Olufunke Adewusi (Mama Abeni)

N.B. Usinicheke mwandiko, naandika nimelala chali hospitalini. Baada ya keki nilizimia. Dada zangu sita walinizunguka wakinipepea kwa vipochi. Hakuna aliyeweza kuinama. Abeni ndiye aliyenibeba mgongoni mpaka kwenye teksi, akazikata kamba kwa meno. Nikavuta pumzi moja ndefu, nikalia mbele ya dereva bila haya. Mwambie Bi. Sidikatu aje anipime nguo kama ya Abeni leo leo, kabla sijapata nafuu nikarudia akili zangu.