Mashine Isiyojua Kupumzika

Kwako Ndugu Meneja, Duka la Vifaa vya Nyumbani,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na duka linauza. Mimi ni yule fundi makochi aliyekupotezea mchana mzima akichagua mashine ya kukausha unyevu. Karakana yangu iko katika chumba cha chini ya ardhi, nyumbani kwa mama yangu mzazi. Mbele natengeneza makochi, na nyuma ya pazia ni stoo ya mama, ambako siingii kwa heshima yake. Mvua hizi zilipoanza, ukungu uliota mpaka kwenye kochi la mteja.

Nakukumbusha ulivyonishauri. Ulisema nisiparamie mashine kubwa kuliko zote. Niangalie inavuta lita ngapi za maji kwa kila uniti ya umeme, tena nichukue yenye kipimo, ambayo hewa ikikauka inajizima yenyewe. Nilikuamini kama daktari. Sasa nisikilize na wewe.

1. Haijajizima hata mara moja tangu iingie. Hata mimi hupumzika saa ya chakula, na mimi ndiye mwenye shida ya kazi.

2. Ndoo inajaa asubuhi, inajaa tena jioni. Nimepapasa kuta, kavu. Sakafu kavu. Makochi ndiyo usiseme. Basi maji haya ni ya nani? Nilianza kuwashuku majirani, kisha nikajishuku mwenyewe, maana siku hizi midomo inanipasuka na kiu haiishi. Ndugu Meneja, huenda nimo ndani ya ndoo ile.

3. Maji yenyewe yananukia maua. Mimi sinukii maua, uliza mteja yeyote. Kwa hiyo kuna mtu msafi kuliko mimi anayekaushwa bila ridhaa yake, na siku akigundua, kesi itakuwa yangu.

4. Hili ndilo linaloninyima raha. Umeme wa nyumba unaisha kabla ya wakati wake, na juzi mama aliniita akasema, "Mwanangu, mwezi huu ukiisha hivi hivi, beba makochi yako na hilo dude lako, mkatafute pa kukaa." Tangu baba afariki nyumba ile imekuwa kimya, nami nilidhani kelele za nyundo yangu zinamchangamsha kidogo. Kumbe wapi. Karakana nyingine sina, na kwa kweli nimeumia.

Naomba basi uje uichukue mashine yako, na ukiwa hapo umwombe mama msamaha. Kama hilo ni zito, niandikie uthibitisho wenye muhuri kwamba kile ni kisima, ili nacho kiheshimiwe kama visima vingine.

Nisalimie wafanyakazi wako wote, hasa yule dada wa kaunta aliyenicheka nilipouliza kama mashine inakunywa maji au inayatoa. Swali langu bado liko palepale.

Wako katika ukavu na majonzi,
Fundi Makochi wa Chini

Tanbihi: Nilishafunga bahasha, nikarudi karakana jioni kuchukua mkasi niliousahau. Nikasikia vicheko nyuma ya pazia, nikachungulia. Mashuka, suruali na sare za shule za mtaa mzima zimeanikwa humo, mbichi, zimeingizwa kwa mlango wa nyuma. Mama ameketi katikati ya majirani na kikombe cha chai, anawatambia kwamba kwake nguo hukauka bila jua. Sijamsikia akicheka hivyo tangu msiba. Nilirudi kinyumenyume, mkasi nikauacha. Nikisema neno, nguo zitaanuliwa, na wenyewe wataondoka nazo.

Malalamiko yote nimeyafuta. Mashine haina kosa. Niwekee ya pili, yenye ulaji mdogo wa umeme kama hii, na uniti nitaongeza mimi kimyakimya. Tena kama unauza kamba za kuanikia, nifungie mita kumi.