Sifuri Haipigwi

Jumatatu, 3 Juni

Binti yangu anaolewa Jumamosi. Bendi ya shemeji ndiyo itakayopiga, na mpiga gitaa la besi kahama mji. Nafasi iko wazi! Gauni nimelishona mwenyewe, lakini nani huwapigia makofi mafundi cherehani? Nataka mwanangu anione jukwaani, basi.

Tatizo ni jirani yangu, fundi viatu. Naye anaitaka. Eti akiusikia wimbo mara moja tu anaupiga. Majivuno! Shemeji kasema atatusikiliza wote wawili Alhamisi.

Jumanne, 4 Juni

Nimeazima gitaa. Nimepata na karatasi za kujifunzia. Mistari minne, nyuzi nne. Namba inakuambia ubane chumba cha ngapi kwenye shingo ya gitaa. Tatu, bana cha tatu. Kumpima mtu kiuno ni kazi ngumu zaidi.

Halafu nikagundua siri. Sifuri! Sifuri ni hakuna kitu, kwa hiyo hapo hupigi. Nimepekua karatasi zote, nikachagua wimbo wenye sifuri nyingi kuliko zote. Wajinga wahangaike.

Mke wangu kapita, kasema leo napiga vizuri. Nilikuwa bado kwenye sifuri.

Jumatano, 5 Juni

Fundi viatu kaja kujaribu koti ninalomshonea la kuvaa harusini. Limemkaa sawasawa. Alipoondoka nikalipunguza kwapani na kwenye viwiko, kidogo tu. Ukisimama wima, safi. Ukitaka kukunja mkono kushika gitaa, pole yako.

Sijamdhuru mtu. Nimerekebisha koti.

Alhamisi, 6 Juni

Aibu!

Bendi ikaanza. Nikasimama kwa heshima zote, nikisubiri namba yangu. Shemeji akasimamisha wimbo, akauliza kama gitaa limezimika. Nikamwambia awe na subira. Wakaanza tena. Nikapiga mara mbili, kwa ustadi mkubwa, nikanyamaza.

Akaja kutazama karatasi. Akacheka mpaka akashikilia kinanda. Eti sifuri maana yake upige uzi mtupu, bila kubana popote. Basi kwa nini waandike sifuri? Mfukoni mwangu mna sifuri na hamlii kitu!

Wote walicheka, isipokuwa binti yangu aliyekuja kusikiliza. Alisema polepole kuwa hahitaji baba wa jukwaani, anahitaji baba wa kukaa karibu naye. Hilo liliniuma kuliko vicheko.

Nafasi kapewa fundi viatu. Lakini koti lipo! Nimelipeleka kwake leo hii, limepigwa pasi.

Jumamosi, 8 Juni

Harusi. Binti kapendeza, sina la kusema.

Fundi viatu akapanda jukwaani, akakunja mkono. Mkono ukagoma. Akajaribu tena, akatoa jasho. Nikainuka kitini tayari kuokoa jahazi. Hapo koti likapasuka kwapani hadi kiunoni, mlio ukaishinda ngoma. Akalivua, akabaki na shati, akapiga besi ukumbi mzima ukasimama kucheza. Wageni walipomuuliza nani kamshonea koti lile, alinitaja kwa sauti, tena kwenye kipaza sauti. Mke wangu akaninong'oneza kuwa mchimba kisima huingia mwenyewe. Mkwe wangu mpya alikuwa ameniagiza suti. Kasema hana haraka nayo.

Kisha binti akaja kunivuta mkono. Tukacheza, yeye na mimi, besi ikivuma chini ya miguu yetu. Nililia. Nimemwambia mke wangu ni vumbi.

Jumapili, 9 Juni

Nimetafakari tangu asubuhi. Kosa halikuwa langu, lilikuwa la besi. Chombo chenye sifuri za uongo hakinifai.

Nimesikia mpiga ngoma wa shemeji naye anataka kuhama. Tayari nimeazima karatasi zake. Hazina namba hata moja, zina alama za X tu, mstari hadi mstari. Na X nani asiyeijua? Mwalimu alinijazia daftari zima. Maana yake ni kosa, hapo usiguse.

Kazi hii nitaiweza.