Akina Mama Somoe Tisa

Jumatatu, 8 Desemba 2025. Newala.
Rejista ya kikundi chetu cha miche imegoma kufunguka. Majina mia tatu na kumi na mawili! Sababu naijua. Jana nilichomoa plagi ya kompyuta ofisini ili nichomeke pasi. Shati la ibada lilikuwa na mikunjo. Rejista nilikuwa nimeiacha wazi. Dakika tano tu!

Ijumaa wakulima wanakuja kuchukua miche ya mikorosho. Rejista aliiandika marehemu mke wangu, Dominika, na mbele ya kila jina aliweka neno lake dogo. Huyu mguu unamsumbua, asisimamishwe. Yule asalimiwe kwanza. Barua hakuniandikia kamwe, tuliishi nyumba moja. Maneno yake yamebaki humo tu.

Mwenyekiti, Mama Theodora, akauliza kulikoni. Nikamjibu kompyuta inapumzika. Humphrey, msaidizi anayekitamani kiti changu cha ukatibu, akajitolea kuanza daftari jipya. Tabasamu lake!

Jumanne, 9 Desemba.
Sikukuu ya Uhuru. Nimeteremka Masasi kwa Mwalimu Awadhi, anayefundisha kompyuta. Nikamwambia kuna rafiki yangu amepata shida, kompyuta ilizimika rejista ikiwa wazi. Akaeleza kwa upole. Majina yamo kwenye faili moja, faharasa kwenye jingine, kama orodha ya kurasa nyuma ya kitabu. Huenda kilichoharibika ni faharasa tu. Ipo programu ndogo ya kuikagua na kuijenga upya. Haina picha wala vitufe, unaiandikia amri kwenye dirisha jeusi. Akaniandikia karatasi: funga rejista, nakili faili kwenye flashi, kagua, ndipo utengeneze. Usiongeze kitu.

Tulipoagana akalitazama shati langu lililonyooka, akasema nimwambie rafiki yangu pasi apigie nyumbani. Amejuaje?

Jumatano, 10 Desemba.
Flashi yangu imejaa nyimbo za kwaya alizoimba Dominika. Sifuti hata moja. Nikaazima ya Humphrey, nikamwambia nataka kunakili nyimbo. Akanipa! Hana habari.

Nimenakili. Nimekagua. Dirisha jeusi likamwaga makosa mpaka chini. Kabla ya kutengeneza nikaona kwenye maelezo herufi moja ya ziada: inaondoa majina yaliyojirudia. Rejista safi! Humphrey atakoma. Nikaiongeza.

Imefunguka! Majina mia mbili na arobaini. Nimecheza peke yangu ofisini. Flashi nimemrudishia mwenyewe, na shukrani nyingi mno.

Alhamisi, 11 Desemba.
Balaa. Mama Somoe wa Kitangari kaja kuhakikisha miche yake. Rejista inamjua Mama Somoe mmoja tu, wa Mnyambe. Tulikuwa nao tisa! Dominika hakuweza kumwandika mtu mzima kwa jina tupu. Kila mtu ni Mama fulani, Baba fulani, kijiji kando. Nami nimefuta wanane. Na maneno yao.

Nikaenda kwa Humphrey, nikamwamkia shikamoo, ingawa nimemzidi miaka kumi. Akaitikia marahaba bila aibu. Nikaanza kuzunguka zunguka kuhusu flashi.

“Kwaya yako nimeisikiliza, Baba Claudia,” akasema. “Ina waimbaji mia tatu na kumi na wawili.”

Hakuwa amefuta! Akanisimamia nikirudisha faili na kurudia amri. Kila nilipopeleka kidole kwenye ile herufi, alikohoa.

Ijumaa, 12 Desemba.
Wamekuja wote, akina Mama Somoe tisa kwenye benchi moja. Nikasoma kwa sauti. Mama Somoe wa Kitangari: apewe miche mirefu, mgongo hauinami. Alicheka mpaka kanga ikamvuka.

Mama Theodora akataka lisomwe na langu. Sikujua kama nimo. Nikatafuta. Nimo!

“Baba Claudia. Miche kumi. Asikaribie kompyuta na pasi.”

Uwanja mzima ulicheka, Humphrey zaidi. Nami nilicheka, nikalia kidogo, nikacheka tena. Ilikuwa sauti yake kabisa.

Jumamosi, 13 Desemba.
Kesho ibada. Shati lina mikunjo. Nyumbani umeme umekatika tangu asubuhi, ofisini upo. Rejista iko wazi, nasoma maneno ya Dominika, nimefika kwenye M, sitaki kupoteza nilipoishia. Soketi ni moja. Lakini safari hii nina akili.

Nitachomoa taratibu.